Akiba ya Dada Yuliana

Makoko, Musoma
9 Januari 2025

Mdogo wangu Nyangi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima. Shemeji yako Onesmo anakohoa kama anavyokohoa kila Januari, na anakataa dawa kama anavyokataa miezi yote. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yangu inashinda dukani, na wasichana wanaoipokea wanapenda habari kuliko wanavyopenda kuuza vitenge. Tena sisi barua tumeshazoea, tangu masikio ya mama yalipoziba.

Unakumbuka mwezi wa kumi nilitakiwa kwenda Mwanza kufanyiwa ule upasuaji wa kupunguza tumbo, nikarudi kama nilivyoenda. Nilikuambia daktari amesafiri. Hakusafiri. Alinipima damu akakuta akiba ya madini chuma ni saba, na yeye hamlazi mtu mezani kama haijafika thelathini. Huyu Dokta Danford ni mtu wa kueleza, alinieleza kwa lugha ya duka nikamwelewa. Alisema damu ninayotembea nayo ni ile mali iliyopangwa kwenye rafu, inaweza kuonekana ya kutosha. Akiba ndiyo stoo. Baada ya upasuaji, chakula kitakuwa kinapita njia ya mkato na mwili hautavuna chuma kama zamani. Nikiingia na stoo tupu, nitatoka na stoo tupu, na mlango wa kuingizia mzigo umebanwa.

Alinipa vidonge vya miezi mitatu. Nimemeza vyote, asubuhi na jioni. Sasa anataka nipimwe tena, na amekubali damu itolewe hapo kituoni kwenu Bunda kwa kuwa kila Alhamisi mnapeleka sampuli Mwanza. Nafasi yangu ni tarehe 18 Februari. Ikinipita, timu ya wapasuaji inakaa tena Septemba.

Nina kilo mia na ishirini na tisa, Nyangi. Magoti yananiuma nikiwa nimekaa. Sukari inapanda. Juzi mteja aliniuliza natarajia lini, nikamwambia mwezi wa nne, maana ningemwambia nini. Habari ya viti vya watu sitaigusa, unaijua.

Nakuja Jumanne. Unichome wewe, sio yule kijana wenu mwenye mikono baridi. Na nakuomba kitu kimoja, majibu yakitoka mabaya usiniambie tu hivihivi. Tafuta namna.

Dada yako,
Yuliana


Nyasura, Bunda
23 Januari 2025

Dada Yuliana,

Shikamoo. Majibu yamerudi leo saa nne. Akiba ya madini chuma ni sitini na nne. Wingi wa damu nao ni mzuri. Karatasi yenyewe imo ndani ya bahasha hii, nimeigonga mhuri, usiikunje mara nyingi.

Mpelekee Dokta Danford. Nadhani hatakuwa na swali.

Werema anakusalimu, na watoto pia. Nimempa Bonifasi wa vifurushi, ameniahidi kwamba bahasha itafika Musoma na basi la mchana.

Mdogo wako,
Nyangi


Nyasura, Bunda
23 Januari 2025

Dada,

Hii ni ya pili leo na sidhani kama nitaituma. Naiandika kwa sababu nimeshindwa kula.

Sitini na nne ni mimi.

Ulipokuja Jumanne nilikuchoma, ukageuka pembeni kama kawaida yako, ukaniambia habari za Onesmo na kikohozi. Nikajaza vichupa viwili. Kabla hujaondoka nilikuvuta kope la chini nikijifanya natoa unyasi. Ndani palikuwa peupe. Nilijua kabla ya mashine yoyote. Ulipotoka nilikaa na vile vichupa mkononi, vikiwa bado na joto, nikaona Septemba, nikakuona unarudi Makoko na mkoba wako. Nikavimwaga. Nikafunga mpira kwenye mkono wangu, ncha moja nikaivuta kwa meno, nikajichoma. Nikaandika jina lako, umri wako, namba yako.

Unataka kujua kwa nini. Ni kile kiti. Siku ya kipaimara cha mwanangu Burito pale Nyegina, mbele ya mapadri na ukoo mzima, miguu ya kile kiti cha plastiki ilipoachana ukakaa chini kwenye vumbi na sahani yako ya pilau, watu wote walinyamaza. Mimi nilicheka. Nilikuwa nimeshika upawa wa kupakulia na nilicheka hadi nikauangusha. Wewe uliyeniacha niende shule, ukabaki Butiama darasa la sita kubeba maji kwa sababu mama alikuwa anaumwa. Wewe uliyekuwa unanibeba mgongoni hadi miguu yangu ikawa inaburuta. Tangu siku ile hukukanyaga tena sherehe ya mtu. Nilihesabu. Harusi mbili, komunyo moja, na msiba wa mjomba ambao ulituma mchele tu.

Nikasema safari hii sitakuwa mimi ninayekurudisha nyumbani na aibu.

Labda hakuna kitakachotokea. Umemeza vidonge miezi mitatu, labda akiba yako imepanda kweli na lile kope lilinidanganya. Sitajua, kwa sababu damu yako niliimwaga.

N.


Makoko, Musoma
2 Aprili 2025

Nyangi wangu,

Leo nimepima, mia na nane. Nimevua kilo ishirini na moja, na sijui zimeenda wapi lakini sizitafuti. Gauni la buluu ulilonishonea limekuwa turubai. Onesmo ananitazama kama mgeni aliyekuja na mizigo, hajui anikaribishe wapi.

Nakula vijiko vinne vya ugali na kipande cha sato kidogo hivi, nashiba hadi Jumatano. Wanawake wa sokoni wameshaanza kusema nimeenda kwa mganga. Mmoja kaja kuniuliza bei yake. Nimemwambia aende Mwanza akatoe damu kwanza.

Dokta Danford aliisifu sana ile karatasi yako. Alisema ni nadra mwili kupokea vidonge vizuri namna ile, kutoka saba hadi sitini na nne, na akaniambia niendelee vivyohivyo nilivyokuwa nafanya. Nimeendelea vivyohivyo. Nina namna yangu, siku moja nitakuambia utacheka.

Kinachonisumbua ni uchovu. Kupanda ngazi tatu za duka nasimama katikati kama nimesahau kitu. Nywele zinabaki kwenye kitana. Wanasema ni kawaida baada ya upasuaji, mwili unatulia. Nitarudi kupima mwishoni mwa Mei.

Sikukushukuru vizuri. Wewe ndiye uliyenifikisha hapa. Kwaresima hii nakuombea kila siku.

Dada yako,
Yuliana


Makoko, Musoma
6 Juni 2025

Nyangi,

Nimekaa siku mbili nikitafuta maneno. Nimetoka kupima Mwanza. Damu yangu ni sita. Akiba ni nne.

Dokta Danford aliweka karatasi mbili mezani, ile yenu ya Januari na hii ya sasa, akazilinganisha mstari kwa mstari. Kisha akasema mtu haondoki sitini na nne akafika nne kwa miezi minne kwa sababu ya chakula kidogo. Hata kama mwili hauvuni kitu, akiba ile ingemfikisha mwakani. Anasema kuna mahali navuja ndani, polepole, pengine pale walipounga utumbo. Waliniingiza mpira wenye kamera mdomoni, nikalia machozi, hawakuona kidonda. Wakapima choo, hawakuona damu. Kwa hiyo anataka kunifungua tena, aangalie kwa macho. Ni tarehe 26 mwezi huu.

Kufunguliwa na damu hii sio mchezo, ameniambia wazi. Wataniongezea chupa kadhaa kwanza, lakini hatari ipo, na sehemu ambayo haijapona vizuri ikiguswa inaweza kuachia. Onesmo alisaini. Aliharibu fomu ya kwanza, wakamletea nyingine.

Sijamwambia mama. Nitamwambia nini, kwamba nilikwenda kwa hiari yangu nikakatwa, na sasa nakwenda kukatwa tena.

Mimi sina maumivu yoyote ya tumbo. Nilimwambia daktari hivyo. Akasema anayevuja polepole hasikii. Wewe ni mtu wa maabara, hebu niambie, inawezekana?

Yuliana


Nyasura, Bunda
9 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara mbili.

Inawezekana, ndiyo. Lakini kuna sababu nyingine nyingi. Mwombe Dokta Danford asubiri kidogo. Mwombe akupe chuma kwa dripu kwanza aone kama damu inapanda na kubaki juu. Ikipanda na kubaki, huvuji. Mwambie hivyohivyo.

Na unijibu swali moja, unijibu kweli. Vile vidonge vya kabla ya upasuaji ulimeza vyote? Na hivi vya baada yake, unameza kila siku? Unakunywa na nini? Nataka kujua ili nipime mambo vizuri.

Usifikirie vibaya kuhusu kuuliza kwangu.

Mdogo wako,
Nyangi


Makoko, Musoma
12 Juni 2025

Nyangi,

Nimemeza vyote. Vya kabla na vya baada. Asubuhi na jioni, kwa maji. Sijui kwa nini unaniuliza kama askari wa barabarani. Kama nisingemeza, ile sitini na nne ingetoka wapi? Wewe mwenyewe uliipima.

Nilimwambia daktari habari ya kusubiri. Akaniuliza nani amenifundisha, nikamtaja mdogo wangu wa maabara. Akasema mdogo wako ana akili, lakini kwa karatasi hizi mbili hawezi kusubiri, akisubiri nikafa ni yeye atakayeulizwa. Dripu nitapewa, na kisu kiko palepale.

Nataka uwe Mwanza tarehe 25, ulale na mimi wodini. Onesmo hafai, ataanza kukohoa.

Yuliana


Butiama
15 Juni 2025

Kwa mwanangu Nyangi,

Natumaini hujambo na Werema na wajukuu zangu. Mimi ni mzima, ni masikio tu. Nimeona nikuandikie wewe maana dada yako nikimuuliza ananijibu kwa kichwa.

Juzi alikuja hapa kuchukua udongo. Kutoka barabarani mpaka kwenye boma alipumzika mara tatu, mara ya mwisho alikaa juu ya jiwe nikadhani ameona nyoka. Midomo imekuwa myeupe. Amekonda, hilo nalikubali, lakini huku sio kukonda ninakokujua mimi.

Nataka kukuuliza habari ya huo udongo. Mwezi wa kumi na moja alinijia akasema vidonge vya daktari vinamfunga choo na vinamtia kichefuchefu, akavimwaga vyote shimoni hapahapa kwangu, nilimwona. Akasema nimchimbie ule udongo mwekundu wa kichuguu nilikuwaga nakula nikiwa na mimba zenu, kwamba chuma ni udongo na udongo ni chuma. Mimi nilisitasita. Nilimwambia ule nilikuwaga nakula kwa hamu tu, sijui kama ni dawa. Nikamchimbia, nikaubanika kwenye kikaango, nikampa kopo moja.

Halafu ukampima wewe Januari ukakuta damu nzuri kabisa. Akaja na karatasi kunionyesha. Basi nikatulia, nikasema kama mwanangu ndiye mpimaji hawezi kukosea. Tangu hapo nimempa makopo matano. Anautafuna siku nzima, hata akiongea unasikia unalia kwenye meno. Vidonge vipya alivyopewa baada ya kukatwa, sijui, sijamwonaga navyo.

Sasa naogopa. Niambie nichimbe tena au niache. Wewe ndiye unayejua.

Mama yenu,
Marieta


Nyasura, Bunda
17 Juni 2025

Kwa Dokta Danford,
Idara ya Upasuaji, Mwanza.
Nakala kwa: Bwana Edwin, Mganga Mfawidhi wa kituo chetu, Bunda.

YAH: MAJIBU YASIYO YA KWELI YA MGONJWA YULIANA, TAREHE 23 JANUARI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi sanifu maabara na ni mdogo wake mgonjwa, wa tumbo moja. Damu iliyotumwa Mwanza kwa jina lake mwezi Januari haikuwa yake. Ilikuwa yangu. Nilijitoa mwenyewe nikiwa peke yangu maabara, nikaimwaga ya kwake bila kuipima. Mgonjwa hakujua na mpaka leo hajui. Hakuna mtumishi mwingine aliyehusika.

Nimepata pia habari za uhakika kutoka kwa mama yetu kwamba mgonjwa hakumeza vidonge vya kabla ya upasuaji, na inaelekea hamezi vya sasa. Anakula udongo wa kichuguu kila siku, kwa kuamini kwamba ndio uliompa yale majibu mazuri. Kama ujuavyo, udongo hushika chuma tumboni na kuondoka nacho.

Kwa hiyo hakushuka kutoka sitini na nne. Naamini alipanda mezani akiwa na saba au chini ya hapo. Naomba kwa heshima uangalie upya mpango wa tarehe 26, kwa kuwa karatasi inayokufanya uamini kwamba anavuja ni ya kwangu mimi.

Siku ya upasuaji mlipima wingi wa damu tu, na akiba mkaiamini karatasi yetu. Hilo nalo liko juu yangu.

Nimejieleza pia kwa mkuu wangu wa kazi na nipo tayari kwa hatua yoyote. Barua hii naileta kwa mkono wangu. Nitakaa nje ya ofisi yako mpaka uisome.

Wako mtiifu,
Nyangi


Mwanza
18 Juni 2025

Dada Yuliana,

Daktari ameisoma barua niliyompelekea nikiwa mbele yake, hakupandisha sauti hata mara moja, ningependa angepandisha. Ameahirisha kukufungua. Atakupigia leo. Uende na Onesmo, wakutie damu na dripu za chuma, kisha wataangalia kama inabaki.

Ndani ya bahasha hii nimeweka barua ya tarehe 23 Januari. Niliificha chini ya karatasi ya droo miezi mitano. Isome ukiwa umekaa.

Mama ameniandikia habari ya udongo. Nilipokuuliza vidonge ukaniambia umemeza, nilifurahi, Dada. Unaelewa? Nilifurahi, kwa sababu kama ulimeza basi labda unavuja kweli na mimi sina kosa. Niliomba uwe unavuja. Kwa siku tatu nzima niliomba hivyo, huku nikikuandalia mashuka ya kulalia wodini. Ile ya kubadilisha damu nilifanya kwa dakika kumi bila kufikiri. Hii nilifanya nikifikiri.

Sikuombi unisamehe sasa. Meza vidonge, na maji ya limau au chungwa, chai uiache mbali. Udongo wote uliobaki utupe.

Nyangi


Makoko, Musoma
2 Septemba 2025

Nyangi,

Najua uliniandikia mara mbili Julai. Bahasha ziko hapa, sikuzifungua mpaka jana. Usidhani nilikuwa mgonjwa sana kushindwa. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu unaijua, inahitaji nafasi.

Walinitia damu chupa tatu na dripu mbili za chuma, moja mwisho wa Juni na nyingine baada ya wiki. Wakanipima kila wiki mbili. Ilipanda, ikabaki. Sikuwa navuja. Dokta Danford aliniambia, mama, ungefunguliwa bure. Kisha akaniuliza vidonge vyake nilivitupa wapi, nikamwambia shimo la choo Butiama. Akaandika. Sijui yale mambo huwa anayaandika kwa faida ya nani.

Kwa hiyo tuanze na ya kwangu. Nilikudanganya Januari, nikakudanganya tena Juni, mara ya pili nikiwa na hofu ya kufa, na bado nikadanganya, kwa sababu niliona haya kwamba mwanamke wa miaka arobaini na sita anakula kichuguu. Kama ningekuambia kweli wiki ile, ungemwambia daktari wiki ile. Na mama nimemfanya achimbe kwa mikono yake kitu kilichokuwa kinanimaliza. Nilikwenda kumweleza mwenyewe. Nilimwandikia kwenye karatasi, akaisoma, akachukua kopo la mwisho akalimwaga nje ya boma, kisha akakaa na mgongo amenigeuzia mpaka jioni. Alichosema ni kimoja tu, kwamba yeye alikuwa anautwanga uwe laini ili usiniumize meno.

Sasa ya kwako. Nimesikia umesimamishwa na kikao ni mwezi wa kumi. Sitakuja kukuombea kwa Edwin. Nilifikiria, nikaona hapana. Watu wanaleta damu zao pale wakijua zitaandikwa majina yao.

Lakini kile kiti, Nyangi. Nimeisoma barua yako ya droo mara nyingi nisizotaka kuhesabu, na kila nikifika pale kwenye kiti nasimama. Siku ile pale Nyegina nilipokaa chini, watu wote walinitazama kama maiti inayoteremshwa. Padri alifumba macho. Aliyecheka ni wewe peke yako, na mimi nilicheka, hukuniona kwa sababu ulikuwa umeinama kuokota upawa. Nilicheka hadi wali ukanipalia. Nilikusubiri uje uniinue tucheke wote kama tulivyokuwaga tunacheka. Hukuja. Ulikimbilia jikoni. Alikuja Werema na shemeji zako wawili, wakaniinua kwa heshima kama kabati. Baada ya hapo kila nikifika kwako naletewa benchi la mbao, peke yangu, wengine wote kwenye viti, na wewe unatazama chini. Niliacha kuja kwa ajili ya benchi.

Na hata upasuaji sikuutaka kwa ajili ya kiti. Krismasi ya mwaka juzi mama aliteleza uani Butiama, tulikuwa wawili tu. Nilishindwa kuinama. Nilisimama juu yake nikiita majirani mpaka akaja binti wa watu akamwinua. Mama alinitazama kutoka chini bila kulaumu. Ndiyo hiyo iliyonipeleka Mwanza. Ungeniuliza ningekuambia, lakini mimi na wewe tulikuwa tumeacha kuulizana.

Kwa hiyo kwa kiti sina cha kukusamehe, hukunikosea. Kwa damu ulinikosea, na kwa zile siku tatu ulizoomba niwe navuja ulinikosea zaidi, na sijamaliza. Nitakuambia nikimaliza. Nakuandikia sasa kwa sababu nimechoka kukukasirikia bila kukuona.

Nina kilo themanini na nane. Wiki iliyopita nilikuwa Butiama, nikachuchumaa nikamwosha mama miguu, nikainuka bila kushika kitu. Mama alisema nina mikono baridi.

Jana nimepokea majibu. Akiba yangu ni thelathini na nane. Ni ndogo kuliko ile yako, na Dokta Danford hakuisifu, aliitikia kwa kichwa tu akaniandikia vidonge vya miezi mitatu mingine. Lakini nilimtazama yule dada wa maabara tangu anachoma mpaka anaandika jina. Sikugeuka pembeni.

Desemba napima tena. Uje tufuatane. Sindano hutashika, utanishikia mkoba.

Dada yako,
Yuliana